Amana ya Watu Wengi

Neno amana katika Kiswahili lina maana mbili zilizo ndugu. Maana ya kwanza ni kitu ambacho mtu amempa mwenziwe amtunzie mpaka siku atakapokitaka. Maana ya pili ni uaminifu wenyewe, ile tabia inayomfanya mtu astahili kupewa kitu cha mwingine akitunze. Benki nazo zimelichukua neno hili, zikayaita kwa jina hilo mafungu ya fedha ambayo wateja wameyaweka kwao. Walilichagua vema, kwa kuwa fedha iliyowekwa mahali pasipo uaminifu si amana, bali ni hasara inayongoja siku yake.

Mali ikiwa ya mtu mmoja, mwenyewe ajulikana. Ukiichukua bila haki umemdhulumu yeye, na dhamiri yako yaweza kumtaja kwa jina. Lakini mali ya watu elfu moja ni ya nani? Na mtu akikopa katika mali hiyo asilipe, amemdhulumu nani? Usidhani, msomaji, kwamba swali hili ni la mawakili na wenye benki peke yao. Siku utakapopata mshahara wako wa kwanza, utaombwa ujiunge na chama cha akiba na mikopo. Na kabla mwaka haujaisha, mwenzako wa kazini atakuletea karatasi akuombe utie sahihi kuwa mdhamini wake. Yafaa uwe umelifikiri jambo hili kabla kalamu haijaigusa karatasi.

Watu wa nyanda hizi za Uasin Gishu walijua amana kabla ya kuijua benki. Miongoni mwa Wakalenjin, mfugaji mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa, akamkabidhi rafiki huyu mmoja na jamaa yule wawili, katika malisho yaliyo mbalimbali. Mtunzaji alikunywa maziwa, yakawa ndiyo ujira wake. Lakini ng'ombe na ndama wake walibaki kuwa mali ya mwenyewe. Hekima ya desturi hii ilikuwa kubwa. Maradhi yakiingia katika boma moja, mwenye mali hakufilisika. Na jirani asiye na ng'ombe alipata maziwa ya kuwanywesha watoto wake. Akiba ya mmoja ilikuwa riziki ya mwingine, na hiyo ndiyo kazi ya benki kwa ufupi.

Tena desturi hiyo ilikuwa na mlinzi asiyelala. Ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana jina. Mwenyewe akipita njiani humtambua, na mtunzaji akimchinja kwa siri, ngozi itamsema. Shilingi haiko hivyo. Shilingi ya mjane aliyeuza maziwa na shilingi ya tajiri aliyeuza shamba zikiingia katika sanduku moja, hakuna jicho liwezalo kuzitenga. Hapo ndipo uaminifu wa fedha unapokuwa mgumu kuliko uaminifu wa mifugo: mwenye kukopa haoni ng'ombe wa mtu, aona noti tu.

Benki ya kwanza ilifika hapa mwaka 1912. Eldoret, ambayo mwaka 2024 ilipewa hadhi ya jiji, ilikuwa wakati ule kituo kidogo cha walowezi katika shamba namba 64, ambacho wenyeji walikiita Sisibo kwa kuitamka hesabu hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao. Reli ilikuwa haijafika. Ilifika mwaka 1924. Mizigo ililetwa kwa magari ya kukokotwa na maksai katika njia za matope. Husimuliwa kwamba Benki ya Standard ya Afrika Kusini ilipoleta kasha lake la chuma, kasha hilo lilianguka kutoka katika gari, na kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa, kuta za benki zilijengwa palepale lilipoangukia. Benki ikajengwa kulizunguka kasha.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina fundisho. Kasha hulinda fedha dhidi ya mwizi wa nje. Haliwezi kuilinda dhidi ya mwenye ufunguo. Na benki iliyojengwa kulizunguka kasha huwatazama watu kwa jicho moja tu: huyu ana nini cha kuweka ndani? Mwafrika aliyelima na kukamua katika mashamba ya walowezi hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani. Alikuwa na nguvu zake, jina lake jema, na majirani waliomjua. Mambo hayo matatu hayakuwa na nafasi katika kasha.

Shida hiyo haikuwa yetu peke yetu. Huko Ulaya, maskini waliikuta mapema zaidi, na baadhi yao wakatafuta dawa. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji, walichanga fedha wakafungua duka lao la unga, siagi na sukari, na katika chama chao kila mwanachama akawa na kura moja, awe ameweka hisa nyingi au chache. Katika Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya, aliona jinsi wakulima walivyomezwa na wakopeshaji wa riba kubwa. Kwanza aliwategemea matajiri wenye huruma watoe fedha za kuwasaidia, akaona kwamba msaada wa namna hiyo haudumu. Mwaka 1864 alianzisha huko Heddesdorf chama ambacho wakulima wenyewe waliweka akiba na kukopeshana, kila mmoja akiwa mdhamini wa wote. Rehani yao ilikuwa ni kujuana. Aliyekopa alijua kwamba asipolipa, angekutana na wadai wake kisimani na kanisani, wala asingeweza kuwaita taasisi.

Kenya iliupokea ushirika kwa mlango wa ubaguzi. Mwaka 1908 walowezi wa Kizungu waliunda chama chao huko Lumbwa, panapoitwa Kipkelion leo, na mkulima Mwafrika hakuwa na kiti katika baraza hilo. Sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyovifungulia njia vyama vya Waafrika. Baada ya uhuru, mwaka 1963, vyama viliongezeka upesi: vya kahawa, vya pareto, vya maziwa, na vya kununua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Ndipo wanachama walipoona kwamba wanauza mazao yao pamoja, lakini fedha zao zalala katika benki ambazo hazikuundwa kwa ajili yao. Kwa hiyo Benki ya Ushirika ya Kenya iliandikishwa mwaka 1965 chini ya sheria ya vyama vya ushirika, ikaanza kazi mwaka 1968. Wenye benki hiyo walikuwa ni vyama, na nyuma ya kila chama palikuwa na watu wenye majembe na ndoo za maziwa. Tanzania nayo ilizindua benki ya namna hiyo mjini Dodoma mwaka 2025, na hii ni dalili kwamba haja iliyoizaa ya Kenya haijapita.

Benki ya Ushirika imepita katika mitihani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi liliua watu zaidi ya 200, likaharibu vibaya jengo kuu la benki lililokuwa jirani. Jengo lilitengenezwa. Katika miaka hiyo hiyo benki ilipatwa na hasara nzito, na kuiponya kulitaka kazi kubwa kuliko ya kurudishia vioo; hata hivyo iliponywa, ikakua. Tarehe 27 Juni 2008 mkutano mkuu uliamua iwe kampuni, na mwezi wa Desemba mwaka huo hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Hisa za vyama 3,805 zilikusanywa chini ya chama kimoja, Co-op Holdings, kikawa na asilimia 64.56 ya benki yote.

Hapo palizuka hoja isiyo ndogo. Katika chama, mtu ndiye mwenye kura. Katika kampuni, hisa ndiyo yenye kura. Wako wasemao kwamba ushirika ulikwisha siku ile, na wako wasemao kwamba siku ile ndiyo ulipopata misuli. Mimi naona kwamba ushirika hauishi wala haufi kwa namna ya kuandikishwa. Huishi au hufa kwa matendo ya watu watatu: mwenye kukopa, mwenye kutunza, na mwenye mali. Tuwatazame mmoja mmoja.

Mwenye kukopa hujaribiwa na wazo moja tamu. Hujiambia hivi: benki ni tajiri, haiumwi, haina mtoto anayelia njaa, deni langu katika bahari ya fedha zake ni tone. Wahenga walikwisha kumjua mtu huyu waliposema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hesabu yake ina kosa. Tone hilo halikutoka baharini. Lilitoka kwa mwalimu aliyekatwa katika mshahara wake kila mwezi, kwa mwenye kuuza mboga sokoni aliyefunga shilingi kwenye ncha ya leso, kwa mzee aliyeuza fahali ili karo ya mjukuu iwe tayari Januari. Deni la mali ya wengi si deni dogo lililogawanywa mpaka likawa si kitu. Ni madeni mengi yaliyofungwa pamoja kwa kamba moja. Aliyemdhulumu mtu mmoja ana mtu mmoja wa kumwomba radhi. Aliyeidhulumu mali ya wengi, atamwomba nani, na ataanzia mlango upi?

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, ambavyo watu huviita Sacco, vimepata njia ya kumrudishia mkopaji macho ya jirani. Njia hiyo ni udhamini. Hupewi mkopo mkubwa mpaka wenzako wakubali kwamba usipolipa, akiba zao zitakatwa. Waweza kusema ni sharti kali, lakini lina maana nzuri, kwa kuwa laigeuza shilingi isiyo na rangi kuwa na uso wa mtu umjuaye. Walakini sharti hilo lina ukali mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika jambo hili wa kwao ni watu waliomtendea wema. Mara ngapi mfanyakazi amehamia mji mwingine akazima simu yake, na rafiki zake wanne wakaona akiba ya miaka kumi ikipukutika kwa ajili ya gari ambalo hawakulipanda? Mtu huyo ameiba kitu kikubwa kuliko fedha, kwa sababu wale wanne hawatamdhamini mtu mwingine tena, na huyo mwingine huenda alikuwa mwaminifu.

Sasa twafika mahali pagumu. Asiyetaka kulipa si sawa na asiyeweza. Fikiri mkulima wa Moiben aliyekopa mbegu na mbolea akapanda mahindi kwa bidii, kisha wakaja viwavijeshi, kama walivyokuja mwaka 2017, wakala shamba lake. Meneja wa benki afanyeje? Akisema, "Nenda nyumbani, nimekusamehe," ametoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine, na sadaka ya namna hiyo ni rahisi mno kuwa wema. Akiuza shamba la mtu huyo bila kuuliza ni nini kilichomfika, ameirudisha benki ya ushirika kulizunguka kasha. Huruma yadai jambo moja na haki yadai jingine, na zote mbili zina neno.

Jawabu langu ni hili: mwenye haki ya kusamehe ni mwenye mali. Kwa hiyo sharti wenye mali wakae wakati wa neema, watunge kanuni za wakati wa dhiki. Waamue ni nani ataongezewa muda, ni kiasi gani cha faida kitakachotengwa kila mwaka kwa ajili ya majanga, na ni bima gani itakayonunuliwa. Kisha waziandike kanuni hizo, zimhukumu mkulima mnyonge sawasawa na mjomba wa mwenyekiti. Huruma inayotolewa gizani huwa upendeleo. Inayotolewa kwa kanuni iliyo wazi ni haki yenye moyo laini. Hapo mkulima wa Moiben atarudi shambani mwake kama mwanachama aliyestahili, wala si kama mwombaji.

Mtu wa pili ni mwenye kutunza: meneja, mweka hazina, mjumbe wa kamati. Huyu hujaribiwa zaidi kuliko wote, kwa kuwa ufunguo uko mkononi mwake na mwenye mali yuko mbali. Wakulima wa maziwa wa eneo letu walilijua jambo hili kwa uchungu. KCC, kiwanda cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1925, kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, na wengi wakabaki na madai ya maziwa yaliyokwisha nywewa, mpaka serikali ilipokifufua mwaka 2003. Hata muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, KUSCCO, ulioanzishwa mwaka 1973 ili uvilee vyama, haukusalimika: ripoti ya ukaguzi iliyotangazwa mwaka 2025 ilieleza pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13 katika hesabu zake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini yafaa tuongeze kwamba mali yenye daftari la uongo hupotea pamoja na habari za kutuliza moyo, na huo ni upotevu mbaya zaidi.

Pengine utasema kwamba dawa ni kuwachagua watu wema. Ni kweli, lakini haitoshi. Uingereza ilikuwa na benki ya ushirika ambayo asili yake yafika mwaka 1872. Mwaka 1992 benki hiyo iliwatangazia wateja wake kwamba haitazikopesha serikali za ukandamizaji wala wale wanaoziuzia silaha, na watu wengi wakaipenda kwa msimamo huo. Mwaka 2009 iliungana na chama cha mikopo ya nyumba kilichoitwa Britannia, bila kuipima vya kutosha mikopo mibaya iliyokuwamo. Mwaka 2013 pengo la pauni bilioni 1.5 lilionekana katika mtaji wake. Mwenyekiti wake alikuwa mchungaji mwenye ujuzi mdogo wa kazi ya benki. Vyama vya ushirika vilivyoimiliki vilipoteza sehemu kubwa ya umiliki wake mwaka ule ule, na kufikia mwaka 2017 havikuwa na kitu. Mwezi wa Januari 2025 benki hiyo ilichukuliwa na Coventry, chama cha nyumba ambacho ni mali ya wanachama wake.

Tazama fundisho lake. Benki hiyo iliuliza swali zuri: fedha zetu zaenda kwa nani? Haikuuliza kwa bidii ile ile: je, zitarudi? Wema usiojua hesabu huweza kuwafilisi watu sawasawa na wizi, na mjane aliyepoteza akiba yake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba aliyeipoteza alikuwa mtu mpole. Kwa mwenye kutunza amana, kujifunza kazi yake ni sehemu ya uaminifu wake.

Yabaki mtu wa tatu, mwenye mali, na huyo, msomaji, ndiye wewe. Mkopaji akikosa tutamlaumu, na mtunzaji akikosa tutamshtaki. Lakini mwenye mali akilala, nani atamwamsha? Nenda ukautazame mkutano mkuu wa mwaka wa chama chochote. Wanachama hufika asubuhi, huandikisha majina, na wengi huuliza mambo mawili tu: gawio ni asilimia ngapi, na posho ya nauli itatolewa saa ngapi? Taarifa ya wakaguzi husomwa wakati wa chai. Mkono mmoja ukiinuka kuuliza kwa nini deni fulani limeandikwa pamoja na mali, wenziwe hunung'unika kwamba anawachelewesha. Kumbe mkono huo ndio uliobaki wa yule mfugaji wa kale, aliyekwenda mwenyewe katika boma la rafiki yake kuwahesabu ng'ombe. Hakwenda kwa sababu alimshuku rafiki. Alikwenda kwa sababu urafiki unaohesabiwa hudumu, na usiohesabiwa huisha kwa ugomvi.

Hesabu unazofundishwa darasani, asilimia, riba, na namna ya kusoma jedwali, ni macho ya kuionea mali isiyo na rangi. Mwanafunzi anayezidharau kwa kudhani ni za wenye maduka tu amejifumba macho mwenyewe, na kesho atauliza ng'ombe wake wamekwenda wapi.

Basi mali ya wengi ni ya nani? Si ya wote kwa namna ya upepo, ambao kila mtu huuvuta na hakuna auangaliaye. Ni ya kila mmoja, tena kwa ukamilifu, kama mtoto wa watu wawili asivyokuwa nusu mtoto wa kila mzazi. Kila mwanachama adai kwa ukamilifu, na kila mwanachama awajibika kwa ukamilifu. Siku utakapoletewa karatasi ya mdhamini, soma jina la anayekopa, usome kiasi anachotaka, na umwulize atalipaje. Ukiridhika, tia sahihi yako kwa moyo mweupe. Usiporidhika, mwambie hapana, mbele yake na kwa upole. Maana unayemwambia ndiyo kwa kuona haya, umemkopesha mali ya watu ambao hawakukutuma.